Ukuta wa Jikoni Hupangwa Ungali Mkavu

Ukuta wa jikoni kwangu, ule wenye jiko la gesi na sinki, una upana wa sentimita 286. Marumaru niliyoipenda dukani ni ya sentimita 25 kwa 40, nyeupe iliyopauka kidogo, haina maua wala picha za matunda. Ukiilaza, ule upande wa 40 ukafuata sakafu, ukaacha milimita 2 kati ya kipande na kipande, saba nzima zinakula sentimita 281 na kitu. Zinabaki nne na nusu. Hizo nne na nusu ndizo zilizotugombanisha mimi na fundi asubuhi nzima, na sikukubali kushindwa.

Fundi alitaka kuanza mlangoni na kipande kizima, aende hivyo hivyo mpaka vipande vizima viishe, halafu pale kwenye kona achomeke ukanda wa sentimita nne na nusu kutoka juu mpaka chini. Kuta nyingi hapa Ngamiani, Tanga, ziko hivyo. Ingia jiko lolote lenye marumaru, tazama kona iliyo mbali na mlango, utauona huo ukanda: mwembamba, umekatwa menomeno, na mara nyingi juu ni mpana kuliko chini kwa sababu kona yenyewe haijanyooka. Kipande kikiwa kipana, tofauti ya nusu sentimita inajificha. Kikiwa cha sentimita nne na nusu, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi anaiona.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akikuletea kitenge chenye duara kubwa, huanzi kukatia kwenye pindo huku unamwomba Mungu duara liangukie mahali pa heshima. Unakitandaza chote, unatafuta katikati, ndipo unashika mkasi. Kwa hiyo nilimwambia fundi: tafuta katikati ya ukuta, piga mstari wa wima, panga vitatu vizima kulia na vitatu kushoto. Mwisho wa kila upande unabakiwa na nafasi ya sentimita 22 na ushee, zaidi ya nusu ya kipande. Kona zote mbili zinafanana na hakuna ukanda.

Hesabu hii haihitaji elimu kubwa. Zipo njia mbili tu za kupanga kutoka katikati: ama kiungo, yaani ule mwanya kati ya kipande na kipande, kinakaa juu ya mstari wa katikati, ama kipande kizima kinaupanda mstari huo. Jaribu zote mbili kwenye karatasi. Moja itakupa mikato myembamba pembeni, nyingine itakupa minene. Kwangu, kipande kizima kikikaa katikati ningebaki na sentimita mbili na kidogo kila kona. Kiungo katikati ndiyo ikawa dawa. Kwako inaweza kuwa kinyume.

"Mama," akasema fundi, "huko unanikatisha kona zote mbili. Kazi inakuwa mara mbili."

Kwenye hesabu ya mikato yuko sahihi. Mistari mitano, kona mbili: mikato kumi badala ya mitano. Na hapo nawatetea mafundi hata kama nagombana nao. Tunawalipa kwa skwea mita. Skwea mita haijui mkato, haijui kukwangua rangi ya zamani, haijui kungoja lipu ikauke. Mtu unayemlipa kwa ukubwa wa eneo atakimbilia kulimaliza eneo, na huna haki ya kushangaa akikimbia. Ndiyo maana tulikaa chini tukagawa malipo: shilingi 60,000 kuandaa ukuta, bila kujali marumaru, halafu 10,000 kwa kila skwea mita ya kubandika, na nyongeza ndogo kwa ile kona ya pili. Baada ya hapo ugomvi wa kona ulikwisha wenyewe. Akaanza hata kunisahihisha mimi.

Dukani nako nilikuta skwea mita ile ile inadanganya kwa namna nyingine. Nilikuwa nataka marumaru kuanzia juu ya slebu ya jikoni, mistari mitano, yaani sentimita 126 kwenda juu. Ukuta mkubwa 2.86 mara 1.26, na ukuta wa pembeni, ule unaopakana na mlango wa uani, 1.40 mara 1.26. Kijana wa dukani akabonyeza kikokotozi: 5.37. Boksi moja lina vipande 15, skwea mita moja na nusu. "Boksi nne, mama, unabakiwa na ziada."

Nikahesabu vipande. Ukuta mkubwa kila mstari unataka sita nzima na mikato miwili, na kila mkato wa 22 unatoka kwenye kipande chake, kwa hiyo ni vinane. Ukuta wa pembeni unataka vitatu vizima na mkato mmoja wa sentimita 19. Je, masalio ya ule mkato wa 22 yanafaa huko? Masalio ni sentimita 17 na nusu. Hayafiki. Basi vinane na vinne ni kumi na viwili, mara mistari mitano, 60. Boksi nne ni vipande 60 kamili. Yaani ile "ziada" yote imo kwenye masalio yasiyofaa kitu, na nisingekuwa na kipande hata kimoja cha kuvunja. Na marumaru lazima ivunjike. Ile ya kuchonga tundu la soketi, hasa. Nikachukua boksi tano.

Usiondoke dukani kabla hujasoma ubavu wa boksi. Mbali na saizi, kuna mahali palipopigwa muhuri wa namba mbili ndogo: moja ya rangi, nyingine ya kipimo halisi. Udongo ukichomwa tanuruni hujikunyata, na hauwi sawa kila mchomo, kwa hiyo kiwandani huzipanga kwa makundi. Boksi mbili za jina moja na picha moja zinaweza kupishana milimita moja kwa urefu. Kwa viungo vya milimita 2, ukifika kipande cha sita mistari ya wima haikutani tena na fundi anaanza kulaumiwa bure. Katika zile tano zangu moja ilikuwa na namba tofauti ya rangi. Nilitoa kipande kimoja nikakiweka kando ya mwenzake mlangoni, kwenye mwanga wa jua: kimoja cheupe cha maziwa, kingine kina wekundu kwa mbali. Chini ya taa ya duka vilikuwa mapacha. Wakanibadilishia bila maneno. Siku hizi mzigo mwingi unatoka hapa hapa nchini, Chalinze na Mkuranga mkoani Pwani, kwa hiyo kupata boksi la namba unayoitaka si jambo la kungoja meli.

Jingine la kupima pale pale ni aina. Geuza kipande, dondoshea tone la maji mgongoni. Likinywewa mara moja na kuacha doa jeusi, hiyo ni seramiki ya ukutani: mgongo wake una vitundu vingi, unakunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Likibaki limesimama kama lilivyo, hiyo ni porselini, ambayo hainywi hata asilimia moja. Tofauti hii inaamua utabandika na nini. Seramiki inashika hata kwa saruji ya kawaida, ndiyo waliyokulia nayo mafundi wetu: wanailoweka kwanza kwenye beseni mpaka mapovu yakome, kwa sababu ikiwa kavu itafyonza maji yote ya saruji kabla haijashika. Porselini haina pa kufyonzea, saruji tupu inaiachia, na baada ya mwaka mmoja au miwili unaisikia ikianguka usiku. Hiyo lazima gundi ya marumaru, ile ya mfuko. Na ukitumia gundi ya mfuko, usiloweke chochote. Mafundi wengine wanachanganya dini mbili: wananunua gundi, kisha wanaloweka. Maji yaliyobaki mgongoni yanaizuia gundi kushika.

Sasa ukuta wenyewe, na hapa ndipo siku nyingi zilipokwenda.

Nyumba hii aliijenga marehemu baba mkwe miaka ya sabini, kwa tofali na mchanga wa pwani. Watu wa Tanga mnaujua ukuta wa namna hiyo. Chini unatoka unga mweupe, unaufuta leo, kesho kutwa umerudi. Ni chumvi, niliulamba kuhakikisha, mume wangu akacheka mpaka akakaa. Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana wakati wa masika ukuta ule ulikuwa unatoa jasho hata pasipokuwa na bomba linalovuja. Juu ya hiyo chumvi palikuwa na rangi ya mafuta ya kijani mpaka usawa wa kifua, tabaka juu ya tabaka, na mafuta ya kukaangia ya miaka yote hiyo.

Kuna watakaokwambia marumaru inaficha yote hayo. Inaficha, kweli. Ila chumvi haikomi kusafiri kwa kuwa umeifunika. Maji yanaibeba mpaka nyuma ya marumaru, yanakauka, chumvi inaganda kuwa chembe, chembe zinakua, na nguvu ya chembe hizo inaipasua gundi kidogo kidogo. Rangi ya mafuta nayo ni mbaya kwa njia yake: gundi inaishika rangi vizuri sana, lakini rangi haikuushika ukuta. Siku rangi inapoachia, inaondoka na marumaru yako.

Tulianza kwa kugonga. Fundi alipita na mpini wa nyundo kila mahali, mimi nafuata na chaki. Palipolia kizito tukaacha, palipolia kitupu nikachora duara. Karibu theluthi ya lipu ilikuwa imeachana na tofali na imesimama kwa mazoea tu. Hiyo yote ilitolewa kwa tindo, pamoja na sehemu yote ya chini yenye chumvi, tukapanda juu mpaka tukapita alama ya unyevu. Palipobaki lipu nzima, rangi ilikwanguliwa, na ukuta ukadonolewa kwa ncha ya tindo, vidonda vidogo vidogo vilivyokaribiana, ili gundi ipate pa kushikia.

Kisha tukatoka nje kutafuta maji yanakotoka. Ukuta huu mgongo wake uko uani, na bati la upande ule halikuwa na gata. Mvua ikinyesha maji yanadondoka ardhini yanarukia ukutani, urefu wa goti. Kipande cha gata na bomba la kuyapeleka maji mbali kilinigharimu kidogo kuliko boksi moja la marumaru. Bila hiyo gata kazi yote ya ndani ingekuwa ya mwaka mmoja.

Lipu mpya ilipigwa kwa saruji ya Pongwe na mchanga wa mto, ndoo moja kwa nne, mchanga uliooshwa. Ukutani tukapitisha rula ndefu ya alumini ya mita mbili, wima, mlalo na mshazari, huku mtu anamulika tochi kwa upande wa pili. Mwanga unapopenya chini ya rula pana bonde. Bonde la milimita tatu linavumilika. La sentimita moja linajazwa kwa lipu, sasa hivi, lisiachiwe gundi ije kulijaza baadaye, kwa sababu gundi nene inajikunja ikikauka na kuvuta kipande ndani.

Fundi alitaka kubandika siku ya tatu. Nilikataa. Lipu tuliimwagilia maji siku za kwanza isipasuke, halafu tukaiacha wiki tatu ikauke, na mimi nikapikia uani kwa mkaa. Ukitaka kujua kama imekauka, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, acha usiku kucha. Asubuhi ukikuta umande ndani ya nailoni, endelea kupikia uani.

Mume wangu kipindi hicho alikuwa na wimbo mmoja: marumaru ukutani ni mambo ya kisasa, wazazi wetu walipaka chokaa wakaishi. Nikamkumbusha Tongoni. Ukifuata njia ya Pangani, kusini mwa mji, unayakuta magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya watu walioishi pwani hii karne nyingi zilizopita. Nguzo zile zilitiwa bakuli za kauri kutoka China, zimezamishwa kwenye lipu ya chokaa ya matumbawe. Bakuli nyingi zimekwisha kung'olewa, yamebaki mashimo ya duara, laini kabisa, unaweza kupitisha kidole ukaona jinsi chokaa ilivyoshika umbo la bakuli lote bila kuacha uwazi nyuma. Richard Burton, Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba alikuta na kigae cha kung'aa chenye maandishi ya Kiajemi. Kwa hiyo usasa gani? Hawa wa Tongoni walikuwa na jambo moja ambalo nusu ya mafundi wa leo hawana: nyuma ya bakuli zao palijaa.

Kwa sababu mchezo unaochezwa leo ni wa madonge matano. Fundi anachukua mwiko, anaweka donge moja kila pembe na moja katikati, anagandamiza kipande, kinakaa sawa, anaendelea. Ni haraka, na kasoro za ukuta zinajificha. Lakini kati ya donge na donge ni uwazi. Jikoni uwazi huo unajaa mvuke na mende. Nimeona jiko ambalo mende walikuwa wanatokea kwenye ufa wa kiungo, mmoja mmoja, kila taa ikizimwa. Na siku utakayotoboa tundu la kuning'inizia upawa, kipande kinapasuka kwa kuwa nyuma hakina kitu cha kukiegemea.

Nilinunua mwiko wenye meno ya milimita 6 nikamkabidhi. Gundi mifuko miwili ya kilo 20. Maji ndiyo yanatangulia kwenye ndoo, unga unafuata, unakoroga mpaka mabonge yaishe, unaacha dakika kama kumi, unakoroga tena. Ikianza kukaza baadaye usiongeze maji, mwaga. Unaipaka ukutani kwa upande laini wa mwiko kwanza, kama mtu anayesugua, ndipo unapitisha meno kuchora mistari yote kuelekea upande mmoja. Kipande unakigandamiza na kukisogeza kidogo kukatiza mistari, ili matuta ya gundi yalale. Cha kwanza tulikibandika, kisha nikamwomba akibandue. Akanitazama. Akakibandua. Mgongo wote ulikuwa wa kijivu isipokuwa pembe moja ya ukubwa wa sarafu. Tukaridhika wote wawili, na kuanzia hapo yeye mwenyewe akawa anabandua kimoja kimoja bila kuambiwa.

Joto la Tanga linaharakisha kila kitu. Kwenye mfuko wameandika gundi inakaa wazi dakika 20. Mlango wa uani ukiwa wazi na upepo wa bahari unapita, kwangu ilianza kuota ngozi mapema zaidi. Unaigusa kwa kidole: ikiacha alama kidoleni, bandika, kidole kikitoka kikavu, kwangua upake upya. Tulifunga mlango na kupaka eneo dogo dogo.

Narudi nyuma kidogo, kwenye mstari wa kuanzia, kwa sababu hapo tena palikuwa na mabishano. Kawaida ya wengi ni kuanza juu ya slebu, kipande cha chini kinakaa moja kwa moja juu yake. Slebu yangu, tuliyoipima kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu ambao maji yake yanajipima yenyewe ncha hadi ncha, imeinama milimita 11 kutoka kulia kwenda kushoto. Jicho haliioni. Lakini ukiifuata, mistari yako yote mitano inainama nayo, na hiyo jicho linaiona, kwa sababu juu pana fremu ya mlango iliyonyooka.

"Mimi kazi hii naifanya kwa macho, mama," akaniambia.

"Basi mwanangu, macho yako yaazime hii fito."

Fito yenyewe ni ubao mwembamba ulionyooka, nilioutia alama za penseli: sentimita 40, milimita 2, sentimita 40, milimita 2, mpaka mwisho. Upande wa pili alama za 25. Ukiiegemeza ukutani unaona kila kiungo kitakapokaa kabla hujalowesha kitu. Kwa fito hiyo tuligundua soketi ya karibu na jiko ingeangukia kwenye makutano ya vipande vinne, maana yake kuchonga vipande vinne. Fundi umeme aliisogeza kwa sentimita chache tukiwa bado na ukuta uchi, ikakaa katikati ya kipande kimoja. Akaliacha na lile boksi la soketi litokeze nje kidogo, na skrubu akaniletea ndefu kuliko za mwanzo, kwa sababu marumaru na gundi vinaongeza zaidi ya sentimita moja ya unene na skrubu za zamani hazifiki tena. Kama hamkulifikiria hilo mapema, mtabaki na soketi inayocheza. Na swichi kubwa ya umeme izimwe wakati wote wa kuchonga, luku isikudanganye kwa kuwa imenyamaza.

Kuhusu mteremko wa slebu, tulipigilia ubao mnyoofu ukutani, umepimwa kwa pima maji, mahali utakapoanzia mstari wa pili. Mistari minne ya juu ilijengwa juu ya ubao huo. Siku ya pili gundi ikiwa imeshika tukautoa, ndipo mstari wa chini ukaingizwa, kila kipande kimepunguzwa kiasi chake kufuata slebu. Kushoto ni kizima, kulia kimepungua sentimita moja. Nimewaambia wageni watafute, hawakioni.

Mikato iliyonyooka ilifanywa kwa mashine ya mkono, ile ya kukwaruza na kuvunja. Tundu la soketi kwa grenda yenye diski ya almasi, uani, kipande kimelowa maji, barakoa usoni. Vumbi la marumaru lina silika na mapafu hayalitoi. Fundi alicheka barakoa. Nikamwambia nyumbani kuna mke na watoto wanaomngoja, avae.

Kujaza viungo nilifanya mwenyewe, kesho yake. Dukani walinipa grauti, ule unga wa kujazia viungo, nyeupe, nikarudisha nikachukua ya kijivu. Jikoni kwa mtu anayepika mchuzi wa manjano na bizari kila wiki, kiungo cheupe kinakuwa cha njano ndani ya mwezi, kimoja kimoja, kwa mpangilio wa matone. Unasukumia ndani kwa mwiko wa mpira kwa mshazari, unangoja ififie, unafuta kwa sponji iliyokamuliwa sana, pia kwa mshazari, maana ukifuta kufuata kiungo unakichimba. Maji ya ndoo yabadilishwe mara kwa mara la sivyo unapaka ukungu. Kwenye kona ya kuta mbili na pale marumaru inapokutana na slebu sikujaza hiyo. Nimepiga silikoni ya kijivu. Kuta mbili hazitembei pamoja, slebu inabeba jiko na masufuria, na kiungo kigumu mahali hapo kinapasuka tu.

Vimebaki vipande kumi na kimoja. Viko chini ya kitanda ndani ya boksi lao, na ule ubavu wenye namba nimeukata nikaubandika ndani ya mlango wa kabati, pamoja na jina la grauti. Siku kipande kimoja kikipasuka, hata miaka kumi ijayo, sitazunguka Barabara ya Kumi na Mbili nikitafuta weupe unaofanana.

Linalofuata ni bafu. Huko nataka porselini ya 30 kwa 60, mwiko wa meno ya milimita 10, gundi mpaka mgongoni mwa kipande, na dawa ya kuzuia maji ukutani kabla ya yote. Fundi ameshakuja kupima. Bei yake imepanda kutoka elfu kumi mpaka elfu kumi na tatu kwa skwea mita, na nasikia mtaani anawaeleza wenzake sababu: "Yule mama ana fito."